Picha inakatika sebuleni: shaba, faiba, Cat6 au bila waya?

Dakika ya themanini na kitu, mpira umeingia ndani ya kumi na nane, skrini inakuwa nyeusi. Sekunde mbili tu. Picha inaporudi, jirani wa ukuta wa pili ameshapiga kelele za goli na wewe unaangalia marudio. Shida hii, hapa Mwanza, nimeikuta Nyegezi kwenye sebule ya watu wanne, nimeikuta Isamilo kwenye nyumba iliyopandishwa juu ya jabali, na nimeikuta Kirumba kwenye banda la mpira ambako watu wamelipa kiingilio na hawana masihara. Mimi huunganisha vyombo vya sebuleni jioni na Jumamosi, na swali ninaloulizwa ni lilelile: "Sasa kaka, ninunue waya gani?"

Swali hilo halijibiki mpaka ujue picha inatoka wapi na inakwenda hadi wapi. Zamani kisimbuzi kilikaa chini ya televisheni na waya ulikuwa wa futi tatu, basi. Siku hizi televisheni iko ukutani, ampli iko kwenye kabati la kona, projekta inaning'inia darini nyuma ya viti, na kisimbuzi kiko chumbani kwa mama kwa sababu ndiko waya wa dishi ulikoingilia. Hapo katikati kuna mita nane, kumi na mbili, hata ishirini. Njia za kuzivuka ni nne: waya wa HDMI wa shaba tuliouzoea, waya wa HDMI wa faiba, visanduku viwili vinavyoongea kwa waya wa mtandao, na vile vinavyorusha picha hewani. Zote nimezifunga, na hakuna hata moja ambayo haijawahi kunikatikia.

Nitazipima kwa mambo manne.

La kwanza ni umbali pamoja na uzito wa picha. Uzito ndio watu wanaousahau. Picha ya 1080p, ile HD ya kawaida, ya fremu 60 kwa sekunde hupita kwenye waya kwa kasi ya gigabiti 4.46 kwa sekunde. Ile ya 4K yenye fremu hizohizo na rangi zake zote hutaka gigabiti 17.82. Ni mara nne. Ndiyo maana waya uliokuwa mzima miaka yote unaanza kukata siku ulipoleta kisanduku kipya cha kuchezea filamu za 4K, nawe unakirudisha dukani kwa hasira wakati hakina kosa.

La pili ni namna njia hiyo inavyokatika. Kila moja ina ugonjwa wake, na kuna magonjwa ambayo unaweza kuishi nayo. La tatu ni umeme na radi, na kwa sisi wa kandokando ya ziwa hili si dogo: usiku upepo wa nchi kavu huteremka kutoka pande zote, hukutana juu ya maji ya Ziwa Victoria yenye joto, na mawingu ya radi hupanda. Watu wa huku wanajua ngurumo za saa tisa usiku. La nne ni mfuko na matengenezo, maana bei ya dukani ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni siku kitu kikifa utafanyaje. Aliye Nansio, kisiwani Ukerewe, anayesubiri meli ili apate kifaa hapimi kama aliye hatua mia mbili kutoka maduka ya Makoroboi.

Kabla hujatoa hela

Kwanza hakikisha mgonjwa ni njia. Nusu ya nyumba ninazoitwa, waya hauna hatia.

Picha ikiganda, ikavunjika vipande vya miraba, na sauti ikakwaruza, hiyo ni ishara ya dishi au intaneti. Wingu zito limepita, dishi limehama kidogo, au bando limechoka. HDMI haiwezi kutoa miraba, kwa sababu picha inapofika kwenye waya huo imeshafunguliwa yote. Waya wa HDMI ukichoka hutoa nukta nyeupe zinazomeremeta, mistari, au giza la sekunde moja mbili kisha picha inarudi nzima kama vile hakuna kilichotokea.

Picha ikizima mara moja tu filamu inapoanza na mara moja inapoisha, huo hata si ugonjwa. Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, matangazo ya huku 50, menyu ya kisanduku 60, na televisheni ikibadilishiwa mwendo lazima ivute pumzi. Ingia kwenye mipangilio ya kisanduku, zima ile sehemu ya kulinganisha kasi ya fremu, na giza litaondoka. Mzee mmoja alikuwa ameshanunua nyaya tatu kwa ajili ya jambo hili. Nilipomwonyesha alicheka, lakini alicheka kwa uchungu.

Picha ikija na kuondoka kwa vipindi vinavyofanana, au ukapata maandishi ya kukataliwa, shuku HDCP, ule ulinzi wa kuzuia kunakili. Vifaa huulizana kila mara kama bado wanaaminiana, na kimoja kikishindwa kujibu, picha hufungwa. Filamu na vipindi vya 4K vya kulipia kwa kawaida hutaka HDCP 2.2, iliyotoka mwaka 2013, na inatakiwa kwenye kila kifaa njiani. Ukiwa na ampli ya kabla ya hapo katikati ya kisanduku kipya na televisheni mpya, hata waya wa dhahabu hautakusaidia. Ivushe picha moja kwa moja hadi kwenye televisheni, kisha sauti irudi kwenye ampli kwa njia nyingine. Nitaifikia.

Halafu kuna jaribio la dakika tano ambalo huwaokoa watu wengi. Chukua kisimbuzi, kipeleke mpaka kwenye televisheni, kiunganishe kwa waya mfupi wa mita moja, angalia kwa saa nzima. Kisipokata, mgonjwa ni njia. Kirudishe mahali pake na waya ule mrefu, lakini sasa shusha picha kutoka 4K hadi 1080p. Ikitulia, waya wako si mbovu, umezidiwa mzigo tu. Ikiendelea kukata hata kwa 1080p, chomoa ncha zote mbili, ziangalie, zichomeke tena. Hewa ya ziwa ina unyevu, na pini 19 za HDMI ni ndogo kiasi kwamba ukungu kidogo wa kutu unatosha.

Ukiwa na ampli, sikiliza. Picha ikipotea huku sauti ya spika ikiendelea, mara nyingi tatizo liko kati ya ampli na televisheni. Vyote vikipotea pamoja, anza na kipande cha kati ya kisanduku na ampli.

Waya wa shaba

*Umbali na uzito.* Hadi mita tatu, waya wowote wa heshima hubeba 4K. Hadi mita tano, chagua kwa makini. Ukivuka hapo kwa 4K ya fremu 60 unacheza bahati nasibu, ingawa kwa 1080p waya mnene wa mita kumi hufanya kazi vizuri. Usidanganywe na muuzaji anayekuambia "huu ni 2.1". Namba hizo ni za vifaa: 2.0 ya mwaka 2013 inapitisha gigabiti 18 kwa sekunde, 2.1 ya mwaka 2017 inapitisha 48. Waya wenyewe hupewa daraja, na maneno ya kutafuta ni Premium High Speed kwa gigabiti 18 au Ultra High Speed kwa 48, pamoja na lebo ya kuskani kwa simu kwenye boksi. Waya wenye maandishi makubwa bila lebo huenda ukawa mzuri, huenda usiwe. Mimi huuliza kama naweza kuurudisha.

*Inavyokatika.* Shaba ina ustaarabu: hukuonya. Zinaanza nukta nyeupe mbili tatu kwenye sehemu nyeusi za picha, kama chenga za televisheni za zamani zilizopungua. Baada ya hapo ndipo giza linaanza. Ukiziona chenga hizo leo, una muda wa kupanga.

Kosa la pili la shaba ni uzito wake. Waya mnene unaoning'inia nyuma ya televisheni ya ukutani huvuta tundu kidogokidogo, na HDMI haina skrubu wala kufuli, inashikiliwa na msuguano peke yake. Ndiyo hiyo picha inayokatika lori likipita. Ufunge waya kwenye bano la ukutani ili uzito ubebwe na bano.

*Umeme na radi.* Waya huu husikia kelele za umeme, hasa ukilazwa pamoja na waya wa soketi kwenye mfereji mmoja wa plastiki. Friji likiwaka, pampu ya maji ikianza, picha inapepesa. Tenganisha nyaya hizo kwa shibiri moja, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba. Halafu kuna hili ambalo watu hudhani natania: kiti cha ofisi chenye bomba la gesi kinaweza kuzima skrini kwa sekunde moja mtu anaponyanyuka, kwa sababu ya cheche ya umemetuli. Nilikisaka nusu siku kwenye chumba cha kijana wa chuo hadi nilipogundua kwamba picha inakatika kila akienda kumimina chai. Nje ya nyumba, usiivute shaba kutoka jengo hadi jengo. Radi ikipiga karibu, itapita humo.

*Mfuko na matengenezo.* Ndiyo rahisi kuliko zote, na unapatikana kila duka la vifaa. Waya wenyewe hautengenezeki, ukifa umekufa, lakini tundu la televisheni lililolegea mafundi wa mjini hulichomelea upya.

*Inamfaa* yeyote ambaye anaweza kusogeza vifaa vyake. Na hapa ndipo ule mchezo wa sauti unapoingia. Televisheni nyingi zina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, jambo lililoanza na HDMI 1.4 mwaka 2009. Kisanduku unakichomeka kwenye televisheni kwa waya wa mita moja na nusu, picha inaishia hapo, na sauti inarudi kwenye ampli au sabufa kwa waya mwingine. Hata huo mwingine ukiwa mrefu, mzigo wake ni sauti tu. Sabufa yako ikikosa HDMI, tumia waya wa mwanga wa sauti, ule wenye taa nyekundu kwenye ncha. Sauti ya spika tano na besi hupita humo bila shida. Watu wanaonunua waya wa mita 15 wakati wangeweza kuhamisha kisanduku mita mbili ni wengi kuliko unavyofikiri, nami nimo.

Waya wa HDMI wa faiba

*Umbali na uzito.* Hapa picha inageuzwa kuwa mwanga kwenye kichwa kimoja na kurudishwa kuwa umeme kwenye kingine. Mita 15, 30, hata 100 si tatizo, na 4K hupita nzima. Waya ni mwembamba kama wa chaji ya simu, kwa hiyo hupita kwenye kona za dari ambazo shaba nene ingekataa.

*Inavyokatika.* Faiba haina chenga za onyo. Iko au haiko. Ina mwelekeo: kichwa kimoja kimeandikwa upande wa kisanduku, kingine upande wa skrini, na ukigeuza hupati kitu. Nimelipa ada ya somo hili. Nilivuta mita 20 ndani ya bomba la nyaya juu ya jipsam, nikafunga dari, nikapanda ngazi kuchomeka projekta, nikasoma maandishi kwenye kichwa nilichokishika. Kilikuwa cha upande wa kisanduku. Tulifungua dari upya, na rangi ya kuziba alama nilinunua mimi. Tangu siku ile najaribu waya ukiwa bado sakafuni, na nafunga utepe mwekundu upande wa skrini.

Ugonjwa wake mwingine ni njaa. Vichwa vyake hula umeme wa volti 5 unaotoka kwenye kisanduku, na vijiti vidogo vya kuchomeka au kompyuta mpakato nyingine hutoa kidogo. Picha inakuja, inaondoka, inakataa kuwaka asubuhi. Kama waya wako una mkia wa USB, uchomeke kwenye chaja kabla hujaulaumu.

*Umeme na radi.* Mwanga hausikii friji wala pampu. Unaweza kuulaza waya huu sambamba na waya wa umeme na picha isipepese. Lakini wengi husikia neno faiba wakadhani radi haina habari nayo. Nyaya nyingi za namna hii zina nyuzi za shaba pembeni kwa ajili ya ule umeme na mazungumzo ya vifaa, kwa hiyo kuuvusha kutoka nyumba kubwa hadi banda la uani bado ni hatari. Kwa kazi hiyo viko visanduku vinavyounganishwa kwa faiba tupu isiyo na shaba yoyote. Ni ghali, lakini ndivyo vinavyostahili kuvuka ua.

*Mfuko na matengenezo.* Bei ni mara kadhaa ya shaba, na urefu unaoutaka pengine utauagiza Dar es Salaam. Ukikunjwa kwa kona kali, umekwisha. Panya akiutafuna darini, umekwisha pia, na hakuna fundi wa kuunga. Kama dari lako lina panya, na madari mengi ya huku yana panya, usiupitishe nje ya bomba.

*Inamfaa* mwenye projekta ya 4K mbali na ampli, ndani ya jengo moja, na mwenye bomba ambalo waya unaweza kuvutwa tena.

Visanduku viwili na waya wa mtandao

*Umbali na uzito.* Kisanduku kimoja kinapokea HDMI, kinaimwaga kwenye Cat6, yaani waya wa mtandao, cha pili kinairudisha. Teknolojia yenye heshima hapa inaitwa HDBaseT, iliyosukumwa na muungano ulioanzishwa mwaka 2010 na LG, Samsung, Sony Pictures na Valens. Hufikisha 1080p mita 100, na 4K mita 40 hadi 70 kutegemea kifaa na waya. Vile vya bei nafuu vinavyojaa madukani si vya familia hiyo, na vingi huishia 1080p hata kama boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Soma maandishi madogo. Ukikuta 4K ya fremu 30, jua mpira utaonekana kama unarukaruka.

*Inavyokatika.* Njia hii ndiyo yenye sababu nyingi za kukatika, na ndiyo rahisi kuliko zote kuchunguza. Visanduku vina taa. Taa ya muunganisho ikizima pamoja na picha, tatizo ni waya wa mtandao: ncha iliyobanwa vibaya, waya uliozungushwa duara la mita thelathini nyuma ya kabati, au waya ambao ndani yake si shaba bali alumini iliyopakwa shaba. Huo wa mwisho umejaa sokoni kwa sababu ni mwepesi na rahisi. Ukwangue kwa kisu: ukiona fedha chini ya rangi nyekundu, mwachie mwenye duka. Taa ya muunganisho ikibaki imewaka na picha ikaondoka, rudi kwenye HDCP au kwenye waya mfupi wa HDMI kwenye ncha moja.

Usipitishe HDBaseT kwenye swichi ya intaneti. Si mtandao, inatumia waya wake tu. Kuna aina nyingine inayopita kwenye swichi na kufikia skrini nyingi, lakini hiyo hubana picha na kuichelewesha kidogo. Kwa mpira si neno. Kwa mtoto anayecheza gemu ni ugomvi.

Jambo moja ambalo huwafurahisha wateja kuliko picha yenyewe: visanduku vingi hurudisha ishara ya rimoti. Kisimbuzi kinabaki chumbani kwa mama, nawe unabadilisha chaneli ukiwa sebuleni.

*Umeme na radi.* Visanduku hutaka umeme wake, kimoja au vyote viwili. Umeme ukicheza kidogo, televisheni inaweza kuvumilia lakini kisanduku kikajizima na kuwaka upya, na hapo unakaa gizani sekunde nyingi kuliko zile mbili ulizozikimbia. Viweke kwenye UPS ndogo, ile betri ya akiba, pamoja na kisimbuzi. Kuhusu radi, hii ndiyo njia ninayoiogopa kuliko zote ikitoka nje ya ukuta. Waya mrefu wa shaba, pini nyembamba, na kila ncha ina kifaa cha bei.

*Mfuko na matengenezo.* Bei ya kuanzia ni ya wastani, ya HDBaseT halisi ni kubwa. Lakini panya akitafuna Cat6, kijana yeyote anayefunga intaneti atakata, atabana vichwa vipya, na mtaendelea. Kwa mtu aliye mbali na mji, hilo lina thamani kuliko gigabiti.

*Inamfaa* mwenye jengo lenye Cat6 tayari ukutani, mwenye ukumbi, na anayetaka kitu kinachotengenezeka.

Bila waya

*Umbali na uzito.* Vingi hurusha 1080p kwenye masafa ya 5 GHz, yaleyale ya Wi-Fi. Ndani ya chumba kimoja sawa. Ukuta mmoja wa tofali, mara nyingi sawa. Nyumba zetu za mlimani zenye kuta za mawe, au ukumbi wenye mabati katikati, hapana. Viko vya 60 GHz visivyochelewesha picha karibu kabisa, ila hivyo hutaka kuonana macho kwa macho.

*Inavyokatika.* Kwa wakati usioutaka. Jirani ameweka ruta mpya, wageni kumi wameingia na simu zao, mtu mrefu amesimama mbele ya kisanduku. Kwa 60 GHz mpita njia anatosha. Na kwa vile vya kawaida kuna ucheleweshaji wa sehemu ya sekunde ambao mcheza gemu huuona papo hapo.

*Umeme na radi.* Hapa ndipo njia hii inaposhinda zote. Hakuna waya kati ya pande mbili, basi hakuna barabara ya radi. Kila upande bado unahitaji umeme, na USB ya televisheni mara nyingine haitoshi. Tumia chaja.

*Mfuko na matengenezo.* Bei ya katikati, hakuna kutoboa ukuta. Kikifa, unanunua jozi nyingine.

*Inamfaa* mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kusikia mlio wa drili, na mtu wa projekta ya Jumamosi tu.

Ukiwa katika hali hii

Televisheni na kisimbuzi viko chumba kimoja na picha inakatika: sogeza kisimbuzi, waya wa mita moja na nusu, sauti irudi kwa ARC. Usinunue kingine chochote kabla ya hapo.

Projekta iko darini mita 10 hadi 20, nawe unaangalia kisimbuzi cha 1080p tu na huna mpango wa 4K: shaba nene inaweza kufika mita kumi, zaidi ya hapo pima kati ya faiba na visanduku vya Cat6 kwa kujiuliza kuhusu panya na mafundi. Ukiwa na 4K na bomba safi, mimi ningeweka faiba. Rafiki yangu anayefunga kumbi angeweka HDBaseT, na hoja zake za matengenezo sijaweza kuzivunja.

Una banda la mpira lenye skrini tatu: nunua kwanza spilita, kile kisanduku cha kugawa picha moja kwa skrini kadhaa, yenye umeme wake, na ujue kwamba husoma uwezo wa kila skrini na mara nyingi huishusha picha hadi kwa iliyo dhaifu. Ile televisheni kuukuu ya pembeni ndiyo inayokuharibia mbili mpya. Itoe, au iwekee kisimbuzi chake. Kisha vuta Cat6 kwa kila skrini, na uwe na vichwa vya akiba na koleo ya kubania ndani ya droo kabla ya dabi ya Kariakoo.

Banda liko jengo jingine na kisimbuzi kiko nyumbani: faiba tupu isiyo na shaba, au kurusha hewani kama majengo yanaonana. Na wakati ngurumo zinaanza, chomoa.

Uko Ukerewe au kijiji cha mwambao ambako kifaa kinasafiri kwa meli: Cat6, na nunua jozi mbili za visanduku kwa safari moja. Shaba fupi ya akiba pia, iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu.

Umepanga: bila waya, au shaba ndefu ya 1080p iliyopitishwa pembeni mwa sakafu chini ya zulia. Si nzuri kwa macho, lakini siku ya kuhama unaikunja na kuondoka nayo.

Unajenga na hujapiga plasta bado: usichague waya leo. Weka bomba la inchi moja na nusu kutoka kwenye kabati hadi ukutani na jingine hadi darini, kona zake ziwe pana, mbali na bomba la umeme kwa shibiri, maana kichwa cha HDMI ni kinene kuliko waya wake na hukwama kwenye kona kali. Kabla ya kuziba, pitisha kamba ya nailoni ya wavuvi ndani ya kila bomba na uache urefu wa mkono ukining'inia pande zote mbili. Hiyo haiozi.